Mtoto wa Kisura

Aliye na kitu mdomoni ameze kwanza, ndipo tuanze.

Tukuyu, kule mvua isikochoka, kuna majirani watatu wenye vipaji. Ambakisye, mchoma nyama, ana pua: changanya harufu kumi, atakutajia moja moja. Tusekile, muuguzi mstaafu, ana mkono usiojua kinyaa. Gwakisa, seremala, ana jicho linaloona leo kitakachoharibika kesho.

Wa nne ni Lutengano, dereva wa lori mstaafu. Kipaji chake ni kusimulia alivyofika Lubumbashi.

Mkewe, Subilaga, alikuwa na simbilisi, yule mnyama mdogo mnene kama panya asiye na mkia, aitwaye Kisura, wa mwisho katika kizazi alichoachiwa na marehemu mama yake. Kama wafanyavyo wengi huko, alimfuga jikoni, akimlisha maganda ya viazi na mara mojamoja akimwazimia dume la jirani. Sasa Lutengano akaweka vigae jikoni, hataki vichafuliwe. Mke aliposafiri kumuuguza mama yake mdogo, akamhamishia Kisura kwenye banda la sungura, njiwa wakiwa juu.

“Lubumbashi nimeona hotelini, sungura, njiwa na simbilisi, wote chumba kimoja,” alijitapa. “Wanaishi kama ndugu.”

Ndugu gani! Baada ya wiki mbili alifungua banda, machozi yakamtoka. Mkojo wa sungura ulimchoma pua kama pilipili. Kinyesi cha njiwa kilimgandia Kisura mgongoni kama uji ulioungua. Lutengano, aliyekula mipakani kote bila kuuliza ni nyama gani, alitapikia gambuti lake mwenyewe. Akaona huo ni uchafu tu, akafuata ndoo ya maji ammwagie yaishe.

Ambakisye, aliyekuwa anapita, alisimama barabarani.

“Bwana, hayo si mavi peke yake. Humo kuna nyama inaoza, na bado inapumua.”

Wakapekua manyoya. Pale sungura dume alipompiga teke, palikuwa na kidonda kinachochezacheza kwa funza.

Tusekile akaitwa. Alimpakata Kisura kwenye kanga yake, akatoa funza kwa kibano mmoja baada ya mwingine, usaha ukimtiririka viganjani.

“Shika kichwa, shemeji.”

“Shemeji, nikishika nitazimia,” alisema Lutengano.

“Basi zimia upande ule, usinizibie mwanga.”

Gwakisa naye alikuja. Hakutazama kidonda, alitazama banda. “Mkimrudisha humu, dume atampiga tena. Na tumbo hilo lina mtoto.” Kabla ya jua kuzama, mbao zilikuwa zimepigwa: sungura kwao, njiwa kwao, Kisura kwenye chumba kikavu.

Kisura akapona, akazaa mtoto mmoja.

Subilaga aliporudi alisikiliza yote, akamtazama mumewe kuanzia utosini hadi kwenye gambuti. “Kisura anarudi jikoni, vigae au bila vigae. Mtoto ni wa aliyemwokoa mama yake. Amua wewe, maana wewe ndiye uliyeharibu. Na kizazi cha mama kikipotea, utaenda kuishi hukohuko Lubumbashi.”

“Bila pua yangu mngeogesha maiti,” alisema Ambakisye. Jikoni kwake wamo simbilisi ishirini, mtoto hatakosa wenzake. Ila kila Krismasi ikipita, hubaki kumi.

“Bila mkono wangu mngejua ugonjwa, mgonjwa afe,” alisema Tusekile. Atamlaza na kuku. “Kuku wangu wana adabu.”

“Bila ukuta wangu angepona Jumatatu, akafa Jumanne,” alisema Gwakisa. Chumba alichomwandalia ni kikavu, hakinuki, hakina teke. Ila hakina mwenzake, na simbilisi mpweke hunyong’onyea hadi kuacha kula.

Lutengano ameketi juu ya vigae vyake, ule uvundo haujamtoka puani, mtoto yumo kiganjani anatafuna kifungo cha shati. Subilaga amesimama mlangoni, mikono kifuani. Kwa mara ya kwanza, Lubumbashi haina msaada.

Msaidieni jamani. Nani alimwokoa Kisura? Na huyo mliyemtaja, je, mngemkabidhi mtoto?