Kurasa Tatu za Bwana Fisi

Mvua ilipogoma mwaka wa pili, kina mama wa nyikani walilazimika kwenda mbali kutafuta majani, na watoto wakakosa wa kuwaangalia. Mfalme Simba, asiyependa jambo lolote lipite bila yeye kuonekana mkubwa, akatangaza kazi ya mlezi. Kila mwombaji alete wasifu wake, usomwe barazani.

Fisi aliposikia neno "watoto", mate yalimdondoka. Akakimbilia kwa Sungura, aliyejua kuandika.

"Ndugu yangu, niandikie wasifu wa kunipa kazi ile."

Sungura alikuwa na watoto sita wachanga. Akawatazama, kisha akachukua kalamu.

"Umewahi kulea, Bwana Fisi?"

"Sana!"

"Uliwalea kina nani? Taja jina, mahali na mwaka, wakubwa wakuamini."

Fisi hakuwahi kulea hata kinda la njiwa. Majina, hata hivyo, alikuwa nayo tele, maana kila mtoto aliyempotelea tumboni, mama yake alimwita vichakani kutwa nzima.

"Andika Kidawa wa Mbuzi, kando ya mto, mwaka juzi. Andika Mwinyimvua wa Swala..."

"Ukurasa mmoja unatosha."

"Unanibania nini? Jaza tatu!"

Sungura, mtiifu kama alivyo, akajaza. Fisi akagonga ukucha wake, kama sahihi, chini ya kila ukurasa.

Barazani Kasuku akasoma kwa sauti. Simba akatikisa manyoya. "Naam! Huyu ndiye mwenye uzoefu!"

"Kidawa wa Mbuzi," Kasuku akaendelea, "nilimlea kando ya mto mwaka juzi."

Mama Mbuzi akasimama. "Kidawa wangu alikwenda mtoni hakurudi. Nilimtafuta siku tisa. Bwana Fisi, ulimlea ukampeleka wapi?"

Likasomwa jina la pili, Swala akasimama. Ukurasa wa kwanza haujaisha, nusu ya baraza iko wima.

"Mwandishi amekosea!" Fisi akabweka.

"Niliandika ulichosema, bwana," Sungura akajibu. "Ukucha wako huo hapo."

Simba, aliyekwisha kumsifu, alinguruma kuliko wote ili ionekane alijua tangu mwanzo. Pembe na kwato zikamtoa Fisi mbio, hakuonekana tena nyika ile. Kazi akapewa Kobe, aliyeandika mistari miwili. Mama Mbuzi akauomba ule ukurasa wenye jina la mwanawe, akaondoka nao akilia.

Hata apewe kurasa tatu, njia ya mwongo ni fupi.