Ziwa la Valerian

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Maana yake si ngumu: anayemwandalia mwenzake mabaya, mabaya hayo humrudia. Wengi huisema methali hii kwa upole, lakini habari za Valerian wa kijiji cha Mollo, Ufipa, hazistahili upole hata kidogo.

Valerian alirudi nyumbani kutoka Dar es Salaam akiwa na mali tele na kiburi cha kugawa. Alijenga nyumba kubwa mtelemkoni, juu ya bonde la shangazi yake Dominika. Bonde hilo Dominika aliachiwa na baba yake. Kijito kilichopita humo ndicho kilichomlimisha maharage na mboga kiangazi kizima, na hakuwa na shamba jingine. Valerian alilitaka liwe sehemu ya bustani yake. Shangazi alipokataa kuliuza, mpwa akaamua kumkausha.

Alichimba ziwa nyuma ya nyumba, huko juu kwenye chemchemi, akakizuia kijito chote. Halikuwa bwawa la mraba la kunyweshea ng'ombe. Lilipindapinda, likawa na kisiwa, matete pembeni, na mawe laini yaliyoletwa kwa lori kutoka Kipili, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Alitaka kila mgeni aamini kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyeliweka pale. Hata tuta la kuzuia maji alitaka liwe kijani upesi, hivyo akaamuru vibarua wakate mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake, wayapange kuanzia chini hadi juu. Ni aibu iliyoje! Mtoto wa Kifipa, aliyekua akiwaona wazazi wake wakifukia nyasi ndani ya matuta ili zioze ziwe mbolea, alijenga ukuta wa maji kwa nyasi hizohizo.

Huko chini bonde likapasuka nyufa, na maharage yakanyauka yakiwa na maua. Dominika akapanda hadi ziwani, amefura kwa hasira.

"Shikamoo, shangazi," Valerian alisema bila kuinuka kitini.

"Sina marahaba ya kukupa. Nirudishie maji yangu."

"Niuzie bonde, shangazi. Maji utanunua dukani."

Dominika alilitazama tuta. "Umefukia nyasi humu? Nyasi zikifukiwa huoza, Valerian. Hata hilo umelisahau?"

"Hayo ni mambo ya kulimia maharage. Hili ni ziwa."

"Haya. Nimekwambia, na sirudii."

Mvua zikaanza, ziwa likajaa hadi pomoni. Ndani ya tuta nyasi zilikuwa zikioza taratibu, kama zinavyooza katika kila shamba la Ufipa. Jumapili moja, baada ya misa, Valerian aliwaalika wageni waje kulisifia ziwa lake. Walikuwa barazani wakila wali kwa kuku maji yalipoanza kuvuja kwenye tuta. Valerian alikimbia kwenda kuziba kwa mikono. Tuta likameguka. Wageni walitimua mbio wakasalimika, lakini maji yaliingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, yakatokea wa mbele yamebeba makochi na mazulia, yakateremka moja kwa moja hadi bonde la Dominika. Valerian mwenyewe aliteleza akatumbukia ziwani, na maji yalipokwisha alibaki amekwama kwenye tope hadi kiunoni.

Dominika alipanda tena, safari hii akiwa na jembe. Alimnyooshea mpini.

"Nakuvuta kwa kuwa wewe ni mtoto wa kaka yangu, si kwa kuwa nimekusamehe. Kesho uje utoe makochi yako shambani kwangu. Na kijito hiki hukizuii tena."

"Sawa, shangazi."

"Salimia kwanza."

Valerian aliinamisha kichwa, tope likimchuruzika kidevuni. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," Dominika alijibu, ndipo akavuta.

Valerian alilichimba ziwa ili limmalize shangazi yake, na humo ndimo alimovutwa kwa mpini wa jembe la shangazi huyohuyo. Kweli, mchimba kisima huingia mwenyewe.