Kwa Nini Bati Hutiwa na Anayeshuku

Enzi za babu zetu wa kazi hii, uwanja huu wa kuyeyusha haukutaka kabisa kuona bati, ile madini laini ya kulehemea. Alumini iliyeyushwa na shaba kidogo, ikamiminwa, kisha ikachomwa tena na kutumbukizwa majini ingali moto. Ilitoka majini laini, ikapindwa upesi upesi, halafu ikaachwa kivulini ijikazie yenyewe. Siku ya tatu ilikuwa ngumu. Kwa nini? Hakuna aliyejua, na kwa kuwa hawakujua, walishuku kila kitu: maji, kuni, mkono wa jirani. Msiwacheke. Hata mimi simwamini mtu anayesimama karibu mno na chungu changu.

Kazi yao kubwa ilikuwa mipini ya pampu za visima. Siku ya tatu kila mpini uliwekwa juu ya mawe mawili, na mkuu wa uwanja, Mzee Semboja, akaukanyaga kwa mguu mmoja. Ukipinda, aliyeumimina alinyang'anywa moto wake, na huo ndio ulikuwa mwisho wake uwanjani.

Basi palikuwa na fundi mmoja, Sengondo, mtu mpole, baba wa watoto wanne. Hakuwa na shamba wala mbuzi. Moto ule ndio uliomlisha.

Shaba waliipata kwenye nyaya za redio mbovu, na desturi ilikuwa kukata ncha za nyaya hizo, maana ziligandwa na matone ya bati. Siku hiyo Sengondo alikuwa na mipini kumi na miwili ya visima vya zahanati na alibanwa na muda. Akaona kukata ncha ni kujichosha bure, akatupa nyaya nzima chunguni.

Siku ya tatu Mzee Semboja akakanyaga. Mpini wa kwanza ukapinda. Wa pili ukapinda. Hakufika wa tatu.

"Umetia nini humu, Sengondo?"

"Sikutia kitu, mzee wangu. Ila ncha za waya sikuzikata."

"Ncha!" Mzee akacheka kicheko kisicho na furaha. "Tone lisilojaza ukucha lilegeze mipini kumi na miwili? Mdanganye mkeo, si mimi."

Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akakumbuka eti alimwona akinyunyiza unga mweupe. Mwingine akasema shaba nzuri imeuzwa mjini, chunguni imetiwa takataka. Tena waliosema hayo ndio waliokula naye ugali jana yake! Inauma, jamani. Mtu kasema kweli tupu, na kweli ndiyo iliyomfukuza.

Sengondo akabeba mipini yake hadi kwa shemeji yake, Bi Mwantumu, mwoka mikate, akaomba kazi ya kupasua kuni. Bi Mwantumu aliitazama ile mipini, akaona ile iliyonyooka itafaa kushikilia sinia. Akaipanga kwenye rafu ya juu ya tanuri, anapokaushia tosti, pale penye joto la kadiri lisilounguza. Ilishinda humo, ikalala humo.

Kesho yake mmoja ulikuwa mrefu mno, ukizuia mlango wa tanuri. Alitaka kuupinda kidogo. Akagonga, nyundo ikaruka. Akagonga tena mpaka mkono ukamfa ganzi. Bila kumwambia Sengondo, akaufunga mpini kwenye kanga na kwenda nao uwanjani.

"Njoo ukanyage, Mzee Semboja. Huu ni wa Sengondo, umelala tanurini mwangu."

Mzee alikanyaga kwa mguu mmoja, kisha miwili. Mpini haukutikisika. Akamkazia macho yule mama. "Hiki ni chuma umepaka rangi." Akaagiza sumaku, sumaku haikunata. Akaleta tupa, akapiga mpaka ndani, na ndani mlikuwa na alumini ile ile. Bado hakuridhika. Akayeyusha mwenyewe, akaacha ncha za waya bila kuzikata kwa makusudi, akauoka mpini mmoja, na mwingine akauacha kivulini. Wa kivulini ulibaki laini siku zote tatu. Wa tanurini uliushinda kila mpini uliowahi kutoka uwanja ule. Akamimina mwingine wenye bati zaidi, kwa tamaa, na huo ukapasuka ungali moto. Ndipo akaelewa kwamba ni chembe tu inayotakiwa: huishika alumini isijikaze ovyo kivulini, kisha joto la tanuri huikaza barabara.

Akamwendea Sengondo penye kuni, uwanja mzima ukimfuata. "Nilikudhulumu," akasema. "Rudi kwenye moto wako."

Sengondo hakuweka shoka chini. "Nitarudi, mzee. Lakini bati sitatia mimi. Nikitia mimi, siku mpini ukipinda mtasema nilitia unga. Utatia wewe, kiganja wazi, wote wakiona."

Kuanzia siku hiyo, anayemimina haruhusiwi kugusa bati. Hulitia yule anayemshuku kuliko wote, chembe moja, kiganja wazi, na mpini ukipinda wanaondoka wote wawili. Ndiyo maana leo wameniita mimi, mwanangu, kuja kusimama kwenye chungu chako.