Muuguzi wa Paja la Simba

Mwaka ule wa ukame nyasi zilikauka, visima vikakauka, kiburi cha Simba tu ndicho kilichobaki kibichi. Alimvamia Nyati peke yake ili wake zake wamwone, akapigwa pembe pajani. Wakamwona. Sasa alilala pangoni, jeraha wazi, akiogopa kufa na akiona aibu kusema.

Fisi, kwa huruma yake inayojulikana mbuga nzima, alijitolea kumuuguza. Kila asubuhi alililamba jeraha kwa bidii, akameza alichomeza.

"Hii ni dawa ya ukoo wetu, Mfalme," alisema akijifuta midomo.

Kwa desturi, muuguzi alipewa fungu la mgonjwa asiyeweza kula. Basi Fisi alinenepa, jeraha likapanuka, mgonjwa peke yake ndiye aliyekonda.

Sungura alikuja kumjulia hali, akalitazama lile paja.

"Shikamoo, Mfalme. Humo ndani mna seli za kinga, askari wako. Hula uchafu, kisha huziita seli shina, mafundi ambao bado hawajachagua kazi: penye haja ya ngozi huwa ngozi, penye haja ya nyama huwa nyama. Mafundi nao huwaambia askari, 'Tulieni, tujenge.' Lakini kila asubuhi ulimi unaingia, askari wanashika marungu upya. Nani atajenga katikati ya vita?"

"Kwa hiyo Fisi ananiua?"

"Hasha! Anakuuguza. Polepole."

Simba alinguruma.

"Usimfukuze; ukimfukuza atarudi kukulilia hapa," alisema Sungura. "Tumwachishe kama mama anavyomwachisha mtoto ziwa."

Akapaka shubiri kuzunguka jeraha. Asubuhi Fisi alilamba mara moja tu, macho yakamtoka.

"Vipi, daktari?" aliuliza Simba.

"Nadhani... umeshapona, Mfalme," alijibu Fisi, akaondoka akitema mate.

Jeraha lilipoachwa, askari walitulia, mafundi wakajenga, ngozi ikafunga. Simba alikuwa ndiyo kwanza anasimama, Fisi akatokea na ukoo wake mzima, wakilia kwa uchungu huku udenda ukiwatoka. Fisi alikuwa amewaita matangani, akiamini Simba amekwisha kufa.

"Karibuni," alisema Simba. "Msiba upo kweli. Marehemu ni huyo aliyewaleta, ila bado hajaambiwa."

Wafiwa walimgeukia Fisi. Walikuwa wametoka mbali, na njaa haikuwaruhusu kurudi bila matanga. Ndivyo ulivyokwisha uuguzi wa yule aliyeshiba kwa kidonda cha mwenzake, akaomba kisipone.