Kilimia na Nyota Zinazotembea

Hapo zamani, nayo si zamani ya mbali, Nakijwa aliambiwa na wifi yake Naelijwa kwamba nyota zimeongezeka. "Wifi, siku hizi zinatembea kwa foleni kama akina mama wa kliniki." Nakijwa alicheka, akadhani ni utani wa kawaida.

Kijijini kwao, milimani Upareni, maji ya kiangazi hutoka kwenye ndiva, bwawa lililochimbwa na mababu. Desturi ilikuwa moja: atakayekiona Kilimia kwanza kikichomoza alfajiri, akataja nyota zake sita, shamba lake hunywa kwanza. Mwaka huo bwawa halikujaa. Wa kwanza angepata maji, wa nyuma wangepata tope. Na maharage ya Nakijwa yalikuwa yameanza kunyauka.

Alfajiri moja watu walisimama ukingoni mwa bwawa, macho mashariki. Nakijwa, mtoto mgongoni, akaziona: ndogo, zimejikusanya kama vifaranga. Aliona haya kupaza sauti mbele ya wakwe. Akamnong'oneza mtoto, "Kile pale, mwanangu. Sita."

Nakijwa hajameza mate, Naelijwa akapiga vigelegele. "Kilimia kimechomoza!"

Watu wakatazama. Juu ya mlima palikuwa na nyota zimepangana kama shanga, zinang'aa, nzuri mno, hata mwangalizi wa ndiva akavua kofia. Akashika mti wa kuzibulia mlango wa maji.

"Ngoja, baba," alisema Senkondo, fundi simu. "Kilimia hupanda. Hizi zinashuka. Ni setilaiti, zimerushwa na watu."

Wakangoja. Shanga zikazama moja moja nyuma ya mlima, na pale zilipopita zikabaki nyota sita, zimetulia. Senkondo akazihesabu kwa sauti.

Ndipo madai yakaanza. Naelijwa alisema bila vigelegele vyake wangekuwa bado wanapiga miayo. Senkondo alisema bila yeye wangefungulia maji kwa taa za watu, na tena sita amezitaja yeye. Nakijwa alitazama chini.

"Lakini nisidanganye," akasema Naelijwa. "Wifi yangu alinong'ona kabla yangu. Nilisikia 'sita', ndiyo maana nikatazama juu. Nikaona zaidi ya ishirini, nikadhani hajui kuhesabu."

Watu wakacheka, hata Nakijwa. Mwangalizi akakuna kichwa. Desturi ilisema nyota zitajwe. Haikusema zitajwe kwa nani. Akawaambia watatu hao warudi kesho yake na majembe, ndipo aamue nani afunguliwe maji kwanza.

Asubuhi Nakijwa alitangulia. Alilaza jembe lake mdomoni mwa mfereji utokao bwawani, na wenzake walipofika, akasema kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya bwawa, "Nilikiona mimi."

Nanyi mmewasikia wote watatu, na mti wa kuzibulia sasa mmeushika ninyi. Je, nani alistahili kunywesha kwanza?