Gari la Mshenga Lisilojua Kunyamaza

Hapo zamani, nami siendi mbali, zamani ya juzi tu, watu walipokuwa wameanza kuiuliza simu njia ya kwenda kwa jirani, palikuwa na mshenga mmoja Tanga, jina lake Bi. Mwantumu. Mwenye masikio asikilize, na mwenye simu aifunike kifudifudi, maana tunaisema.

Bi. Mwantumu alipeleka posa miaka kumi na tisa. Ukimpa barua yako aliitia mkobani, akaenda, akarudi na jibu, na hapakuwa na mtu aliyejua. Likiwa ndiyo, mlilijua ninyi wenyewe. Likiwa hapana, alilizika, nawe ukaendelea kutembea mjini kifua mbele, ukaposa kwingine kama mtu ambaye hajawahi kukataliwa. Nusu ya wanaume wenye maringo Ngamiani wanaringa kwa hisani ya mdomo wake.

Kisha magoti yakamchoka, akanunua gari. Alilinunua kwa Badi, mfanyabiashara wa mbao. Lilikuwa limetumika lakini zuri, lenye skrini kubwa katikati. Ukiunganisha simu, skrini inakuonyesha njia na inakuimbia. Siku ya kwanza skrini ilimwuliza maswali kumi na moja, naye akagusa "Nakubali" mara kumi na moja bila kusoma hata moja. Mwanamke yule yule ambaye barua ya posa huisoma mara tatu kabla ya kuibeba.

Na alikuwa na tabia yake. Posa ikikubaliwa, njiani kurudi alipiga taarabu ya harusi. Ikikataliwa, alipiga nyimbo za zamani za huzuni, akamlilia kidogo kijana wa watu, yakaisha. Muziki ulipokuwa wa kanda, tabia hiyo haikumdhuru mtu.

Sasa sikieni kosa. Mwaka ule kulikuwa na msiba Pangani. Familia ilikwenda kwa magari matatu, na ili wasipoteane, Bi. Mwantumu na wifi yake, Bi. Mkasi, waliwasha simu zao zionyeshane mahali zilipo. Wakafika, wakazika, wakala wali wa msibani, wakarudi. Nani alikumbuka kuzima? Hakuna. Marehemu akapumzika, simu zikaendelea na kazi. Tena muziki wa simu walikuwa wakiulipia pamoja, familia nzima kifurushi kimoja, na kila mmoja aliona mwenzake anasikiliza nini.

Siku moja Bi. Mwantumu akapeleka posa ya kijana wa Mzee Chambega, Chumbageni. Ikakataliwa. Akarudi na nyimbo za huzuni. Gari likasema, Bi. Mkasi akaona, mji ukajua. Kabla ya adhuhuri muuza chapati alikuwa akimpa pole kijana ambaye mwenyewe bado hajapewa jibu.

Wiki ya pili akapeleka posa Makorora. Ikakubaliwa. Akarudi na taarabu. Gari likasema, Bi. Mkasi akaona, mji ukajua. Shangazi wa bwana harusi, ambaye kwa desturi huambiwa wa kwanza, akaambiwa wa arobaini, akaapa kwamba harusini hakanyagi.

Mzee Chambega akaja, hata kiti akakikataa. "Bi. Mwantumu, nilikukabidhi aibu ya mwanangu uifunike. Umeianika."

"Mzee wangu, sikumwambia mtu."

"Basi nani alisema?"

Mzee akageuka, akaenda zake. Barua zikaacha kuja. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa mkoba wake ulikaribia kuwa mtupu, naye aliumia, tena aliumia sana, kwa sababu kweli hakusema.

Aliyemfumbua macho ni Bi. Mkasi mwenyewe, amekuja kunywa chai. "Wifi, juzi pale Usagara mbona ulikaa kidogo tu? Na ule wimbo ulivyokuwa unaliza. Nani kakataliwa tena?" Aliuliza hivyo huku anachovya mkate, hana habari.

Katika ukame ule zilikuwa zimebaki barua tatu tu mkobani. Za wanaume watatu, kila mmoja akidhani yuko peke yake, na zote tatu ziliandikwa kwa mwanamke mmoja: Mwanakombo, muuza dawa wa Barabara ya Kumi na Mbili. Baba yake, Mzee Mwinjaka, alikuwa amechoka na wageni. Alisema, "Barua ya kwanza atakayoniletea Bi. Mwantumu naipokea, binti akiridhia." Na desturi mnaijua: mshenga hapeleki barua mbili nyumba moja. Inayotangulia imetangulia, nyingine zinarudi kwa wenyewe.

Bi. Mwantumu akawaita wale watatu, kila mmoja kwa siku yake, akamwambia neno moja. "Mwanangu, atakayelinyamazisha gari langu, barua yake ndiyo itakayotangulia."

Akaja Semboja, fundi simu. Akazima kule kuonyeshana mahali kulikowashwa safari ya Pangani. Akaitoa ramani iliyokuwa ikiuliza mtandao kila kona, akaweka nyingine, inayopakuliwa mara moja ikakaa ndani ya simu. Hiyo haimwulizi mtu njia, wala haimwambii mtu ulikopita. Ilimpeleka Bi. Mwantumu kila alikotaka, isipokuwa mara moja ilipomfikisha kwenye ukuta ambao zamani ulikuwa njia. Akaisamehe. Akasema angalau ukuta haumfahamu Bi. Mkasi.

Akaja Kidago, mpiga muziki wa maharusi. Akamtoa kwenye kile kifurushi cha familia. Akachukua kanda zake za zamani, akazihamisha zote kwenye flashi ndogo, mikwaruzo na yote, akaichomeka garini. Taarabu ikaimba, huzuni ikalia, na nje ya vioo hakuna aliyejua kinachopigwa.

Bi. Mwantumu akajaribu. Rafiki yake mmoja alikuwa amemwomba apeleke posa ya mpwa wake. Akaipeleka Makorora, akarudi. Gari likanyamaza, Bi. Mkasi hakuona, mji haukujua. Wifi mtu alishinda siku tatu akiitazama simu, akadhani imeharibika, akaipeleka kwa Semboja aitengeneze.

Siku ya nne wakakutana uani kwa Bi. Mwantumu, Semboja na Kidago, kila mmoja kaja kudai, na hapo ndipo walipogundua kwamba wanamposa mwanamke mmoja.

Semboja akasema, "Siri ni nyumba. Nilichofunga mimi ni nyumba. Hata wimbo ukisikika mji mzima, kama hawajui mshenga alitoka kwa nani, watamsema nani? Tena simu ya Bi. Mwantumu ilikaa kwangu saa mbili, sikufungua hata picha moja. Barua yangu itangulie."

Kidago akasema, "Siri ni jibu. Kwenye nyumba za watu Bi. Mwantumu huenda hata kusalimu. Kilichomwaibisha kijana wa Chambega ni wimbo, na wimbo nimeufunga mimi. Kazi yangu niliifanya bila kujua ametoka wapi wala anakwenda wapi. Barua yangu itangulie."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Ndipo akaingia Badi aliyeuza gari, mwenye barua ya tatu. Hakugombana na mtu. Akatoa simu yake mfukoni akasoma.

"Bi. Mwantumu, Jumatatu ulikuwa Makorora. Uliingia saa nne na robo, ukakaa dakika arobaini na mbili. Hongereni, hiyo imekubaliwa."

Semboja akainuka kuitazama ile simu.

"Gari nilikuuzia, jina langu kwenye mfumo wake sikulitoa," akasema Badi. "Lina laini yake ndani na linanitumia safari zako tangu siku ya kwanza. Hawa vijana walifunga simu. Gari lenyewe hawakuligusa. Miezi minane nimeona kila nyumba. Na nyimbo sikuzihitaji, dakika zinatosha. Posa inayokubaliwa haimalizwi kwa dakika saba, hata chai haijaiva. Mdogo wangu alikataliwa kwa dakika saba. Nilijua siku mbili kabla yake, nikala naye sahani moja, sikufungua mdomo. Ni nani mjini humu amewahi kusikia neno kutoka kwangu?"

Hakuna aliyewahi.

"Basi mdomo uliofungwa kweli ni huu." Akagusa simu mara tatu mbele ya macho yao, jina lake likatoka garini. "Na sasa kazi imekamilika, na aliyeikamilisha ni mimi. Barua yangu itangulie."

"Miezi minane," akasema Semboja. "Kumbe kuzima ni kugusa mara tatu, ukangoja mpaka kuwe na zawadi."

"Na wewe fundi ulikuja kabla ya zawadi?" akauliza Badi.

Bi. Mkasi, ambaye hakualikwa lakini alikuwepo, akadai kwamba bila yeye wasingejua hata kama gari linasema, na kwamba ana mtoto wa kiume naye anatafuta. Wakamwomba anyamaze. Hilo lilikuwa gumu kuliko gari.

Bi. Mwantumu akachukua mkoba wake, barua zote tatu ndani, akaenda Barabara ya Kumi na Mbili. Mzee Mwinjaka akamkaribisha. Akaketi. Mwanakombo akaleta chai, na mambo yote alikwishayasikia, maana watatu wale walipiga kelele uani na Bi. Mkasi ana miguu.

"Mama," akasema, akiweka kikombe, "kabla hujatoa, naomba niseme. Wawili hawa walifanya kazi nzuri wakaacha mlango mmoja wazi, wala hawakujua kama upo. Huyu wa tatu mlango anaujua, ameketi hapo miezi minane anatuchungulia, na hakumwambia mtu. Mimi ndiye nitakayeishi ndani na mmoja wao. Nitalala nikijua nini?"

Mzee Mwinjaka akakohoa. "Binti, mwache mshenga afanye kazi yake. Bi. Mwantumu, toa."

Mkono wa Bi. Mwantumu umeingia mkobani. Barua ni tatu, itakayotoka ni moja, na ikishatoka hairudi. Chai inatoa mvuke, mzee anangoja, binti anautazama ule mkono. Mimi niliyewasimulia sijui. Ninyi mnaogusa "Nakubali" kila siku bila kuulizwa mara mbili, leo mnaulizwa: mwenye ramani, mwenye nyimbo, na mwenye kuona akanyamaza, je, nani kati yao alistahili?