Njuga za Mama Muhanga

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu, mlione lambo. Si kubwa. Upande wa mbali lina tuta la udongo linalozuia maji. Sasa yatoeni maji yote. Tuta limepasuka, samaki wadogo wanarukaruka kwenye tope, na kijiji kizima cha wanyama kimesimama ng'ambo ya huku.

Ndivyo ilivyokuwa asubuhi moja ya zamani sana, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kuziezeka kwa nyasi kama babu zetu.

Hakuna aliyevuka tope kwenda kulitazama tuta lenyewe. Wengine walikuwa wameshaoga, hawakutaka kuchafuka. Walibaki ng'ambo wakiulizana, na kabla jua halijawa kali jibu lilikuwa limepatikana. Mmoja alisema huenda ni Mama Muhanga, maana ana kucha za kuchimba. Wa pili akasema inasemekana ni Mama Muhanga. Wa tatu akasema ni Mama Muhanga.

Huyu Mama Muhanga alikuwa mjane mpole, akiishi mwisho wa kijiji na mtoto mchanga mwenye kifua kibovu. Na kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Mtu akihukumiwa, kila jirani huenda kwenye nyumba yake akavuta konzi moja ya nyasi kutoka paani. Konzi moja tu. Lakini majirani ni wengi, na wakimaliza hubaki fito tupu. Wakati huo mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nyati, akatangaza baraza kesho yake.

Pimbi alikuwa jirani wa Muhanga, mdogo hata nyasi humfunika. Alikwenda kwa Mzee Nyati akamwomba waende kwanza wakalitazame tuta. Nyati alicheka. Akamwambia mtu anayepotea kwenye majani asiwafundishe wakubwa kutazama.

"Watu wote wanasema ni yeye," Nyati alisema. "Watu wote watakosea vipi?"

Pimbi akaondoka, swali hilo limemkaa kichwani. Njiani akamkuta Pundamilia anapepeta mtama uani kwake. Hapo akapata wazo.

"Shemeji, umeisikia habari ya njuga?"

"Njuga gani?"

"Eti Muhanga alikuwa amevaa njuga miguuni alipokuwa anachimba. Chwi, chwi, chwi. Lakini usiseme umesikia kwangu."

Pundamilia akauweka ungo chini. "Nilijua," akasema. "Hata kabla hujaniambia nilijua."

Kesho yake baraza likajaa. Muhanga aliketi mbele, mtoto mgongoni, akijibu kila swali kwa sauti ndogo kwamba usiku ule hakutoka, alikuwa anamkanda mtoto kifua. Waliokaa nyuma hawakumsikia. Waliulizana wao kwa wao amesema nini.

Mashahidi wakasimama. Pundamilia alieleza jinsi alivyozisikia njuga kwa masikio yake mwenyewe. Bi Nyumbu akaongeza kwamba yeye aliziona, zilikuwa zinametameta kwa mwezi. Fisi akasema anamjua hata fundi aliyezifua, ingawa jina lake limemtoka. Kila njuga zilipotajwa, watu walivuta pumzi na kutikisa vichwa.

Ndipo Pimbi akapanda juu ya kinu kilichogeuzwa, ili aonekane.

"Shemeji Pundamilia, habari ya njuga ulipewa na nani?"

Pundamilia alitazama kwato zake. "Na wewe," akasema.

"Na mimi nilizitunga jana, hapo uani kwako, wewe ukiwa na ungo mkononi. Mama Muhanga hajavaa njuga tangu azaliwe. Na nyie wazee wangu, nani huvaa njuga akienda kufanya ubaya wa siri?"

Bi Nyumbu alianza kukohoa. Fisi alikumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni.

"Basi twendeni kwenye tuta," Pimbi akasema.

Safari hii waliokuwa mbele walishindwa kukataa. Wakavuka tope, Muhanga akiwafuata nyuma na mtoto wake. Pale palipopasuka hapakuwa na alama ya ukucha hata mmoja. Palikuwa na nyayo pana, za kwato zilizogawanyika, nyingi, zimepanda tuta na kushuka upande wa pili, njia ya mkato ya kwenda malishoni. Macho yote yakashuka polepole kwenye miguu ya mwenyekiti.

Mzee Nyati alisafisha koo. "Mimi," alisema, "nilisikia tuta hilo lilikuwa limeshaoza kabla sijapita."

Pimbi alikuwa ameshinda, wanangu. Mngependa hadithi iishie hapo. Hata mimi ningependa.

Lakini wale waliokaa nyuma ya baraza, walipoona wakubwa wanainuka, waliuliza kuna nini. Mtu akawaambia nadhani imekwisha. Mwingine akawaambia imekwisha. Wa tatu akawaambia amehukumiwa. Wakaenda, kila mmoja akavuta konzi yake.

Muhanga aliporudi alikuta fito tupu, na nyasi zimetupwa njiani. Mvua ikaanza, kubwa. Pimbi aliuliza nani wameezua. Kila aliyeulizwa alikuwa amesikia kwamba ni wengine.

Muhanga alimshusha mtoto mgongoni. Alimweka mtoto chini ya tumbo lake, akainama, akaanza kuchimba ardhi haraka, udongo ukiruka. Nyuma, katika kundi, sauti moja ikasema taratibu: "Si mnaona anavyochimba?"

Pimbi alileta konzi ya nyasi zilizolowa, akasimama kwenye mdomo wa shimo.

"Mama Muhanga, wamejua kwamba si wewe. Wote wamejua."

"Asante, jirani," Muhanga akajibu kutoka chini. "Sasa sogea kidogo, nisikumwagie udongo."

Hakujenga tena juu ya ardhi. Mpaka leo muhanga hukaa shimoni, na hutoka kutafuta chakula watu wakiwa wamelala, asikutane na mtu. Na lambo lile halikuzibwa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amesikia litazibwa na mwingine.

Anayepeleka neno asilolishuhudia, naye amevuta konzi yake kwenye paa la mtu.

Basi nawaomba mkumbuke jambo moja tu, wanangu. Mtu akikuletea neno baya juu ya jirani, kabla hujalipeleka mbele, mwulize kwa upole: wewe ulikuwepo?